Ndizi tatu za nani?

Kakaangu anakaa Wete, kisiwani Pemba, na kila akimpata mtu anayevuka kuja Unguja hunitumia mkungu wa ndizi. Haulizi kama nina pa kuuweka. Mie simu inalia asubuhi, sauti nisiyoijua inaniambia, "Dada, mzigo wako uko Malindi huku, njoo kabla jua halijaupiga." Nikifika bandarini nauona umelazwa juu ya magunia ya watu, jina langu limeandikwa kwa wino mzito kwenye kipande cha boksi, ndizi zaidi ya mia zimekaa kijani kibichi kama hazitaiva milele.

Sie tunakaa Michenzani, ghorofa ya tano, lifti hakuna. Mkungu unapanda ngazi begani kwa mwanangu mkubwa, na kila akifika kipindo anaushusha na kuuliza kwani mjomba hawezi kutuma samaki mkavu.

Anayenunua chana moja sokoni Darajani hajui tabia ya mkungu. Siku nne hakuna hata moja ya kula. Siku ya tano mbili tatu zinageuka rangi, watoto wanagombana. Siku ya saba zimeiva zote kwa pamoja, kama zimeitana. Na kweli zinaitana: ndizi ikianza kuiva hutoa hewa yake, wataalamu wanaiita ethilini, na hewa hiyo ndiyo inayoziivisha zilizo jirani. Wazee wetu hawakulijua jina hilo lakini kazi yake waliijua, ndiyo maana huvundika. Unazifungia pamoja ndani ya gunia, hewa haina pa kwenda, ndizi nazo hazina ujanja. Jikoni kwangu ni padogo kiasi kwamba ukifunga mlango umevundika.

Basi nagawa. Nimegawa mpaka jirani wa ghorofa ya pili, akiniona nashuka na mfuko, hujifanya anaongea na simu. Zinazobaki ndizo zilizonifikisha kwenye mkate wa ndizi.

Mkate wenyewe nilikuwa nikiujua kwa sura. Niliwahi kufanya kazi ya kupanga meza za chakula cha asubuhi kwenye nyumba moja ya wageni Mji Mkongwe, na hapo haukukosekana. Ulikuwa ukikatwa tangu usiku, ukifunikwa kawa tu, asubuhi vipande vimejikunja pembe kama karatasi iliyoanikwa. Wageni waliuchovya kwenye kahawa, vile tunavyochovya sie boflo la juzi. Nikaamini ndivyo ulivyo. Sikuwahi kujiuliza inakuwaje kitu kinachotokana na tunda lenye maji kikawa kikavu kiasi kile.

Mara ya kwanza kuoka wangu, nilifuata video kwenye simu. Mama mmoja wa Marekani, jiko lake kubwa kuliko nyumba yetu, akasema ndizi tatu. Nikachukua ndizi tatu. Kisukari. Anayeijua kisukari ameshaanza kucheka. Ile si ndizi ya kuhesabu, ni kidole. Mwanangu mdogo huitia mdomoni mzima mzima. Unga ulikuwa vikombe viwili, na nilipomaliza kuchanganya nikawa na donge ambalo ningeweza kulisukuma chapati. Nikaongeza maji. Nikaoka. Mume wangu akala kipande, akatafuna muda mrefu kwa adabu, kisha akauliza, "Mzuri. Sasa ndizi iko wapi?"

Ilinichukua mikungu miwili kujua kosa lilipo. Wenzetu wa Marekani kule madukani wana ndizi ya aina moja, ndefu na nene, ndiyo hiyo hiyo leo na kesho. Tangu mkate huu ulipoenea katika vitabu vyao vya mapishi miaka ya 1930, mtu akisema ndizi tatu kila mmoja ameelewa. Sie ukisema ndizi tatu lazima uulizwe ndizi tatu za nani. Nilishuka duka la chini, wana mizani ya kupimia sukari, nikamwomba kijana anipimie ndizi zilizomenywa. Akanitazama. Akapima. Mtwike, ile ndizi yetu ndefu, nne zilifika gramu 400 na kitu. Kisukari zilitaka zaidi ya kumi kufika hapo. Tangu siku hiyo sihesabu ndizi, napima zikishapondwa: kikombe kimoja na nusu, kilichojaa. Ukitaka kuchukua jambo moja tu katika maneno yangu yote haya, chukua hilo.

Kosa la pili nililirithi, na hili limenichukua muda kulisema kwa sauti.

Mamaangu ni mpishi wa mkate wa mayai. Wete, kwenye harusi na Idd, watu hupeleka mayai kwake na sukari yao, wakarudi jioni kuchukua mkate. Wake hauna hamira wala beking pauda. Kinachouinua ni pumzi iliyomo ndani ya mayai, na pumzi hiyo huingia kwa mkono. Tulikaa chini wanne tukipokezana, mayai na sukari kwenye sufuria, tunapiga mpaka mchanganyiko unakuwa mweupe na mzito, ukiinua mchapo unashuka kama utepe usiokatika. Ukichoka hupumziki, unampa mwenzio. Povu likilala, umemwaga mayai ya watu.

Kwa hiyo nami nilipokutana na mkate wa ndizi nikayapiga mayai kama niliyofundishwa. Yakafura vizuri. Nilipotia ndizi iliyopondwa, povu likalala pale pale. Nikashtuka kama mtoto aliyevunja kitu, nikamimina unga na kuanza kupiga upya kwa nguvu zote, nikidhani povu litarudi. Halikurudi. Mkate ulitoka umejaa mashimo marefu ndani kama njia za mchwa, na ukiuvuta unanyambuka kama mpira.

Sababu yake kila anayekanda chapati anaijua, ila hajawahi kuitazama upande huu. Unga wa ngano ukilowa kisha ukasukwasukwa hushikana na kuvutika. Kwenye chapati hilo ndilo tunalolitafuta, ndiyo maana tunakanda, tunapumzisha, tunakanda tena. Kwenye mkate wa ndizi kushikana huko ni uadui. Unga ukishaingia, unageuza kwa mwiko kutoka chini kuja juu, mara kumi, kumi na mbili, mpaka huuoni unga mkavu, basi. Madongemadonge ya ndizi yaliyobaki yaache. Kuacha ndiko kugumu. Mkono wangu umelelewa kupiga, na mpaka leo nikifika hapo naweka mwiko kwenye sinki na kuufungulia maji, nisije nikajisahau.

Kuna jaribio la mzuzu pia, sitalikalia sana. Nilidhani kwa kuwa ni kubwa itanipunguzia kumenya. Mzuzu ni ya futari, ipikwe kwa tui na iliki iletwe Ramadhani tuile tumshukuru Mungu. Hata ikiiva ina wanga mwingi na nyama yake ni ngumu. Mkate ulikuwa na vipande vya kutafuna, mzito kama jiwe la kukandamizia mlango.

Ulionipa jibu ni msiba. Tulifiwa Makunduchi, tukakaa siku nne, na nyuma tuliacha machana mawili ya mtwike yaliyokwisha kuiva. Kurudi, jikoni kunanuka kama kuna mtu amemwaga asali. Ndizi zimekuwa nyeusi kila mahali, nyengine zimepasuka, vijinzi vidogo vinazizunguka. Mume wangu alishazitia kwenye mfuko wa taka. Nikamenya moja. Ndani ilikuwa rangi ya asali, imelegea, haina kovu la kuoza wala harufu ya pombe. Nikasema mfuko urudi.

Ndizi ya njano safi, ile nzuri ya kumpa mgeni, bado ina wanga. Kadiri inavyoingia madoa wanga unageuka sukari na nyama inaachia maji yake. Kwa hiyo ndizi inayofaa kuoka ni ile ambayo ungeona haya kuiweka mezani. Kwenye friji usiiweke ikiwa haijaiva: ganda litakuwa jeusi na likudanganye, ndani imesimama vile vile. Ikishaiva sawasawa na huna nafasi ya kuoka, imenye uigandishe. Ikiyeyuka itatoa maji mengi ya kahawia, sura yake haipendezi. Usiyamwage. Nilishayamwaga mara moja, nikajuta.

Sasa ninavyofanya mie. Kikombe kimoja na nusu cha ndizi, naziponda kwa uma kwenye bakuli. Juu yake natia mayai mawili, robo tatu ya kikombe cha sukari, nusu kikombe cha mafuta ya kupikia, na robo kikombe cha tui la mwanzo, lile zito. Nachanganya kwa uma ule ule, sipigi. Mafuta nayachagua kuliko siagi kwa sababu siagi ikipoa huganda na mkate ukakaza, hasa ukiuweka kwenye friji. Tui ni langu, sikuliona kwenye video yoyote. Siku moja mtindi uliharibika na nazi ilikuwa imeshakunwa. Kama huna nazi, mtindi unafaa.

Pembeni, unga vikombe viwili vya kukatwa juu kwa kisu, chumvi nusu kijiko cha chai, beking soda kijiko kimoja cha chai. Soda ipime kwa makini. Inafanya kazi na ule uchachu mdogo wa ndizi, na ikizidi mkate hugeuka rangi ya matofali na kuacha ladha ya sabuni ulimini. Iliki sita, nazitwanga na maganda yake kisha nachekecha. Kungumanga nakwaruza kidogo. Karafuu, maana mtu wa Pemba ataniuliza karafuu iko wapi: punje mbili zilizosagwa, wallahi zisizidi, tatu tu mkate mzima unanuka daktari wa meno.

Unga juu ya ndizi, mwiko mara kumi, mwiko kwenye sinki.

Tukiwa na uniti za kutosha kwenye tukuza, mita yetu ya umeme wa kulipia kabla, naoka kwenye oveni yangu ndogo ya mezani, nyuzi 170, kwa saa moja hivi. Naanza kuchungulia kwenye dakika ya hamsini. Lakini unaopendwa nyumbani ni wa makaa. Wanaokumbuka Unguja ya Disemba 2009 hadi Machi 2010, miezi mitatu kisiwa kizima hakina umeme, watanielewa kwa nini sikuitupa seredani. Inakaa roshani, nyuma ya ndoo. Siku ya kuoka namtumia ujumbe jirani wa juu aanue nguo zake kwanza. Tulishagombana mara moja kwa mashuka meupe na haifai kurudia.

Kwenye sufuria natandika jani la mgomba. Mkungu wa kakaangu huja umefunikwa majani, nachagua lisilopasuka, nalipitisha juu ya moto mpaka linalegea na kung'ara, nalilaza ndani na kulipaka mafuta. Linazuia chini kuungua na linaacha harufu ambayo karatasi haiwezi kuiacha. Makaa chini yawe machache, yaliyokwisha kuwa na jivu. Juu ya kifuniko ndiko kwenye moto. Huku kupalia ndiko pekee nilikochukua kwa mama pasi na kubadilisha kitu. Makaa ya chini yakizidi, unapata mkate ulioungua makalio na mbichi kichwani.

Juu utapasuka. Mpasuko mmoja mrefu katikati, kama ardhi ya kiangazi. Mara ya kwanza niliuona nikataka kulia, maana mkate wa mayai uliopasuka unaletewa maneno. Huu haudhuru: juu kumeshakauka na ndani bado kunapanda, patapasuka tu. Chomeka kijiti pembeni kidogo ya mpasuko. Kikitoka na rojo, rudisha. Kikitoka na chembe mbili tatu zilizolowa, toa sasa hivi. Ukingoja kitoke kikavu kabisa kama cha mkate wa mayai umeshachelewa, utakuwa na ule wa nyumba ya wageni.

Halafu usiukate. Najua. Nami nakaa na watoto. Ukishapoa ukawa vuguvugu tu, uvingirishe kwa kitambaa safi, utie kwenye mfuko, ulale mpaka asubuhi. Maji yaliyo katikati yanatembea kuja pembeni, na ganda la juu lililokuwa gumu linalegea. Siku ya pili ndiyo siku yake. Siku ya tatu kwa joto letu hili uangalie vizuri kabla hujala, ukungu unapenda vitu vitamu. Ukiuweka kwenye friji utakaza, lakini kipande ukikipasha kwenye kikaango kikavu kinarudi.

Idd iliyopita mama alikuja. Nikamkatia kipande, siku ya pili, chai ya mkandaa, isiyo na maziwa, pembeni. Akakibonyeza kwa kidole. Kikabonyea na kubaki vile vile kidogo kabla ya kuinuka.

"Mwanangu, huu mbichi."

"Si mbichi, mama. Ndivyo ulivyo."

"Mkate wa mayai unarudi ukiubonyeza."

"Si mkate wa mayai huo."

Akanitazama tazamo ambalo wenye mama wanalijua. Tatizo ni kwamba sikuwa na neno la kumpa. Jikoni kwetu mkate una majina yake ya lawama: mkavu, mbichi, umekaza, chepechepe, rojorojo. Ukiwa mzuri unaitwa laini tu, na laini hata pamba ni laini. Ule unyevu unaotaka kubaki kwenye vidole usibaki, unaofanya mtu asiombe maji, hatuna lake. Nilifikiri usiku kucha kama mtunga mashairi. Asubuhi nikamwambia, "Mama, huu ni mwororo." Akasema, "Mwororo ni mtoto." Lakini alikuwa anakula. Kipande cha tatu kile, sikusema kitu.

Alipoondoka alichukua maelekezo yote kwa mdomo, yeye haandiki. Nilimwambia mara nne: mayai usiyapige. Nikamrudia bandarini, tumesimama kwenye foleni: mama, mayai. Akasema nimesikia, kwani mie kiziwi.

Wiki mbili baadae simu ikalia asubuhi, mzigo Malindi. Safari hii pamoja na mkungu kulikuwa na sufuria ndogo iliyofungwa kanga. Nikaifungua hapo hapo juu ya magunia. Mkate wa ndizi, umenyooka juu kama meza, haukupasuka hata nywele, rangi ya dhahabu. Nikampigia.

"Shikamoo mama. Umeyapiga mayai."

"Marahaba. Kidogo tu."

"Kidogo vipi?"

"Nimempa mtoto wa jirani apige, mie sikuyagusa."

Jioni tuliukata. Mkavu kidogo, mrefu, mwepesi, unanukia iliki mpaka kwenye ngazi. Mume wangu akala vipande vinne na kuuliza kwa nini mie sioki hivi. Mkungu umening'inia jikoni, bado kijani. Ni pukusa safari hii, na pukusa sijawahi kuipima.